Tamasha la vitabu Lindi, nilivyoliona nikiwa nyuma ya meza

Tangu Jumatatu kila anayeingia dukani ananiuliza swali moja: uliuza? Niliuza. Si kwa kiwango cha watu wa Dar, lakini boksi nililolifunga kamba nikijua litarudi na uzito wake lilirudi jepesi, mtoto wa dada akalibeba kwa mkono mmoja huku anachezea simu. Kilichonishangaza ni vilivyotoka na vilivyobaki. Nilivyovitegemea vilikaa mezani siku zote mbili vinapigwa upepo wa bahari. Vilivyoondoka ni vile nilivyovitia kwa kujazia boksi.

Kwa asiyenijua: nina stesheneri hapa Lindi mjini. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, navisha vyeti nailoni, na ukutani nina rafu ya riwaya na mashairi ambayo mume wangu anaiita makumbusho, kwa sababu watu huja, wakatazama, wakaondoka. Kila mwaka, wikiendi iliyo jirani na tarehe 7 Julai, wapenda Kiswahili wa mjini na wa wilaya za jirani hukusanyika siku mbili kusoma, kughani na kubishana. Tarehe hiyo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwetu tayari ilikuwa Saba Saba, kwa hiyo sikukuu imekalia juu ya sikukuu na hakuna bosi wa kumnyima mtu ruhusa. Jina kubwa hatuna, na bango lilikuwa moja. Sisi tunaliita tamasha la vitabu, basi.

Ila Julai! Nimelisema kwenye kikao na ninalirudia hapa: Julai ni mwezi mbaya wa kumuuzia kitabu mtu wa Lindi. Pesa yote iko shambani. Kuna kupalilia, kuna salfa, kuna kumlipa mwenye mashine ya kupulizia, na minada ya korosho haianzi mpaka Oktoba. Juu ya hapo ndiyo likizo ya shule, wali wanatolewa, ngoma za unyago zinasikika kila upande Jumamosi jioni. Mtu mwenye elfu kumi mfukoni amtunze mwali au anunue riwaya? Mimi mwenyewe ningemtunza mwali. Waandaaji wananijibu kuwa siku ya Kiswahili ni siku ya Kiswahili, haihamishwi. Sawa. Lakini hakuna aliyetukataza kusoma Novemba.

Asubuhi ya siku ya kwanza ilikwenda na hotuba. Mgeni rasmi alichelewa, alipofika akatuhimiza tujenge utamaduni wa kusoma, akapigiwa makofi, akapita mbele ya meza yangu anaongea na simu, akaingia kwenye gari. Mshereheshaji naye alikuwa wa harusini: kila baada ya sentensi mbili "makofi kwake tafadhali!", hata kwa fundi aliyekuja kurekebisha spika. Hadi saa sita mchana aliyekuwa ameuza kuliko sote ni mama wa ming'oko, vile viazi pori vyetu, aliyekaa mlangoni na beseni lake.

Mambo yalibadilika baada ya swala ya adhuhuri.

Wiki moja kabla, Mwalimu mmoja mstaafu, aliyetufundisha Kiswahili wengi wa mji huu, alikuja dukani na karatasi zilizofifia akitaka kopi za kugawa. Nilipoweka ya kwanza kwenye kioo nikasoma: Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Mtunzi, Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa hapa hapa Lindi. Alitunga juu ya vita ile ya kumpinga Mjerumani ya 1905 hadi 1907 iliyowaka huku kwetu na kuenea Kusini nzima. Utenzi wenyewe ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, kisha 1957 ukatolewa tena huku Afrika Mashariki, safari hii na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Nimezaliwa mji huu, nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, nimeolewa hapa hapa, na jina la bwana huyo nililikuta kwenye mashine yangu ya kopi. Tona ilikuwa inaishia, kurasa za mwisho zikatoka na mstari mweusi wa kushuka. Mwalimu akasema zitasomeka hivyo hivyo.

Nilidhani atasoma kama darasani, anafafanua ubeti, anauliza nani amesikia tamathali. Wapi. Alisimama pembeni ya jukwaa, akaikataa maikrofoni ya mshereheshaji, akaanza kughani. Mnajua utenzi ulivyo: mistari mifupi minne, mizani minane minane, mitatu ya kwanza inabadilisha kina kila ubeti, na wa nne unarudi kwenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho wa utungo. Ubeti wa tatu au wa nne hivi wazee waliokaa nyuma walikwisha kuyashika mahadhi. Wakawa wanaidaka ile silabi ya mwisho pamoja naye. Hawakuwahi kuuona utungo ule maishani mwao, lakini masikio yaliyokulia kwenye maulidi na kasida hayahitaji kufundishwa kina kinaangukia wapi. Vijana waliokuwa nje kivulini wakaingia. Mama wa ming'oko akageuza kiti.

Alipomaliza sehemu yake, badala ya maswali likazuka zogo. Kijana mmoja aliuliza: huyu mtunzi alikuwa upande wa nani? Maana yeye alikuwa mtu wa mjini, msomi wa pwani, na waliopigana wengi walikuwa watu wa bara, wa mashambani. Bibi mmoja akasema mtu akikaa mjini chini ya Mjerumani anaandika kwa kalamu mbili. Mwingine akasema hapana, mtu anaandika alichokiona. Mwalimu aliwaachia wapigane mpaka walipochoka, kisha akasema, "Karatasi mnazo. Kasomeni wenyewe mniletee jibu."

Hapo ndipo biashara ilipoanza. Kopi za kugawa ziliisha, watu wakaja mezani kutaka zaidi, nikamtuma mtoto wa dada arudi dukani na bodaboda akatoe nyingine. Shilingi mia tano kwa kila seti. Zilitoka zote, na mstari wake mweusi. Nina vitabu vyenye majalada yanayong'aa hadi unajiona uso, na kilichouzika kuliko vyote siku ile ni karatasi zilizobanwa pini mbili.

Baada ya hapo alipanda kijana anayesoma chuo kikuu, mwembamba, mwenye haraka, aliyetaka kusema kila kitu ndani ya dakika kumi na tano. Alituambia kuwa habari za zamani za Lindi, za Sudi na za Mikindani ziliandikwa kwa Kiswahili na wenyeji zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mjerumani Carl Velten akazikusanya na kuzichapa Berlin mwaka 1907. Si habari za kuelezwa na mgeni, ni za wenyewe kujieleza: nani alifika kwanza, nani alitawala, ushuru uligawanywa vipi. Mzee mmoja mbele yangu akamuuliza jirani yake, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Si huko huko Berlin walikopeleka ile mifupa ya Tendaguru?" Ndiko. Ile mijusi mikubwa iliyochimbwa hapa mkoani kwetu kati ya 1909 na 1913. Mmoja wao umesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la kule, kimo chake zaidi ya meta 13. "Basi wamebeba mifupa na maneno yake," akasema mzee, na watu wakacheka kicheko kile cha mtu aliyekanyagwa kidole. Kijana alijaribu kuendelea na hoja yake lakini mshereheshaji alikwisha kuomba makofi.

Niliulizwa mara nyingi kama kitabu hicho ninacho. Sina. Nimeandika majina ya wanaokitaka, nitatafuta.

Saa za watoto nilizisikia kwa mbali tu, nikiwa nahesabu chenji: vitendawili, "tega!", kelele, juisi ikamwagika kwenye kapeti. Mashindano ya shairi ya sekondari nayo yalikuwepo. Mashairi karibu yote yalikuwa juu ya amani, mazingira au UKIMWI, yamepigwa pasi, hayana kasoro na hayana mtu ndani. Isipokuwa binti mmoja aliyetunga juu ya baba yake kuuza baiskeli, beti tano tu, majaji wakampa nafasi ya tatu. Mimi ningempa ya kwanza, lakini mimi ni muuza kalamu.

Tamthilia ndiyo iliyonifanya nifunge meza nikakae mbele. Wanafunzi waliigiza sehemu ya mwisho ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayohusu vita ile ile ya Maji Maji. Huyu tunamdai kwa haki, amezaliwa 1943 kwenye pwani hii ya Kusini, na tamthilia yake ilitoka 1969 ikasomwa nchi nzima. Katika tamthilia kuna jemadari anaitwa Kitunda, rafiki wa Kinjeketile. Sasa ng'ambo ya ghuba yetu kuna Kitunda, na watu wa Kitunda walikuwa wamevuka wengi. Kila jina hilo lilipotajwa, hata pale linapotajwa kwa uchungu, wao walipiga vigelegele. Waigizaji maskini wakajitahidi kuonyesha huzuni.

Wanaoijua wanakumbuka inavyoishia. Watu wamekufa wakiamini maji yatageuza risasi, Kinjeketile amefungwa, na Mjerumani anataka aseme hadharani kuwa maji yalikuwa uongo. Yeye anakataa kusema. Msichana aliyemwigiza, kidato cha tatu sijui cha pili, mdogo wa umbo, alilikataa lile neno kwa sauti ya chini sana mpaka tukainama kumsikia.

Kisha akasimama mzee kutoka Kipatimu, Mmatumbi, kofia mkononi. Alisema ameshukuru watoto wameigiza vizuri, lakini huyo si yule wao. Yule wao ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa. "Huyu wenu anababaika, anajiuliza kama alidanganywa na yule pepo Hongo. Wa kwetu hakubabaika. Alijua alichokuwa anafanya."

Mwalimu wa wanafunzi wale akaeleza kwa adabu kuwa mwandishi mwenyewe alisema katika utangulizi kuwa mhusika wake ni wa kubuni, si yule wa historia moja kwa moja. Mzee akajibu, "Basi angempa jina lingine. Jina la mtu si kanzu, kila mtu avae." Ukumbi ukamwunga mkono. Ndipo yule msichana, bado amevaa kaniki ya jukwaani, akanyoosha mkono.

"Shikamoo babu. Wa kwenu walimnyonga. Sisi tumempa nafasi ya kujibu."

Mzee alimtazama. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akakaa. Hakukubali, msije mkadhani alikubali. Jioni nilimsikia nje bado analieleza jambo lile lile kwa watu wengine, kwa ukali zaidi. Lakini kabla ya kuondoka alikuja mezani, akachukua nakala ya tamthilia, akaifungua ule utangulizi, akausoma wote amesimama, akalipa. Nakala zangu za Kinjeketile nilikuwa nimezileta kwa mazoea tu, kwa kuwa kila mwaka wanafunzi huuliza. Safari hii walionunua ni watu wazima.

Usiku wa siku hiyo alisimuliwa pia Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani kabla ya Maji Maji, na mwembe wa Kilwa Kivinje ambao Wajerumani walimnyongea mwaka 1895, unaoitwa Mwembe Kinyonga. Msimuliaji alikuwa bibi wa Kivinje penyewe. Sikumsikia vizuri kwa sababu watu wa Kitunda walikuwa wanaondoka kuwahi chombo cha kuvukia na kuburuta viti, jambo ambalo hutokea kila mwaka na kila mwaka waandaaji wanashangaa upya. Wekeni wasimuliaji wa nguvu kabla ya magharibi, jamani.

Siku ya pili alikuja mwandishi kutoka Dar. Simtaji, si mtu mbaya. Amesafiri kwa basi barabara nzima ile, na wanaokumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotukatia barabara tukakaa bila mzigo wa Dar, wanajua kuwa anayekuja kwetu kwa barabara ameamua. Alizungumza vizuri juu ya changamoto za wachapaji. Kisha akasoma kurasa mbili za riwaya yake, akafika pale mwanamke anafungua barua, akafunga kitabu: "Mengine mtayakuta humu ndani." Watu walicheka kwa heshima. Hayakukutwa. Nilikuwa na nakala zake kumi mezani, ziliuzwa mbili, moja kwa mratibu wa tamasha. Hesabu yake haikuwa mbaya; huko mjini labda mtu akikatishiwa utamu atanunua. Huku kwetu ukimkatishia anaona umemnyima.

Linganisheni na alichokifanya dada muuguzi aliyesoma baada ya chakula. Yeye si mwandishi, ni msomaji tu, mteja wangu wa makumbusho. Alikuja na Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, ikaingia Kiswahili 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja tu baada ya Gurnah kupata Nobeli. Akasema atasoma mpaka wamwambie basi. Akasoma. Mtoto Yusuf, miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, anapandishwa treni, anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Kumbe si ami. Baba ana deni, na mtoto ndiye rehani.

Dada alisoma polepole, bila madoido, anajifuta jasho. Alipofika kwenye deni, mama mmoja kutoka Mtama aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akasema, "He! Baba kamweka mtoto kangomba."

Kwa mlio mbali: kangomba ni kuuza korosho yako ingali ua. Unaletewa pesa leo kwa sababu leo ndipo unapoihitaji, bei anapanga mwenye pesa, na mzigo ukikomaa ni wake. Serikali imeipiga vita, msimu wa 2018 kwa kishindo hasa, na kila mtu aliyekuwa ukumbini ama ameuza kangomba, ama amenunua, ama ana ndugu aliyefanya kimoja kati ya hivyo. Baada ya neno la yule mama hakukuwa na haja ya mhadhiri kutueleza riwaya inahusu nini. Watu walianza kuuliza maswali ya watu wanaofahamu: deni lilikuwa shilingi ngapi? Baba alikuwa na biashara gani? Mama wa mtoto alisema nini? Je, mtoto analikomboa? Dada akajibu, "Nisome?" Wakasema soma. Akaendelea mpaka adhana ya alasiri.

Peponi ziliisha. Nilikuwa nimeleta chache, nikiamini jina la Nobeli linatisha watu, na bei yake inakaribia vibarua vya siku mbili vya kupalilia. Kijana wa bodaboda alikuja wa kwanza, hana pesa, akasema mwandike. Nikamwandika. Nyuma yake akaja yule mama wa Mtama, naye hana, naye mwandike. Ndivyo nilivyojikuta nauza riwaya ya mtoto aliyewekwa rehani, kwa mkopo, kwa ahadi ya korosho ambazo bado ni maua. Mtoto wa dada aliniangalia akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwambia sijapanga bei upya na simchukulii mtu shamba, kwa hiyo asinilinganishe na watu wale.

Vilivyorudi: vile vya namna ya kuwa tajiri, ambavyo huyo huyo mtoto wa dada alinishawishi nivilete akasema vijana wanavitafuta. Diwani mbili za washairi waliokuja wenyewe, wakakaa karibu na meza yangu siku nzima, wakatabasamu, wasisome hata ubeti mmoja kwa sauti. Niliwaambia panda kule juu, hata dakika tatu. Mmoja akasema mashairi yake ni ya kusomwa kimya. Inawezekana. Lakini mtu atajuaje anataka kwenda kukisoma kimya kitu ambacho hajakionja?

Nimepeleka pendekezo langu kwa waandaaji, nalo linajulikana: Julai wabaki na sherehe yao, ila tuwe na jioni moja ya kusoma mwezi Novemba, minada ikiwa imechangamka, hata kwenye uwanja wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, palepale watu wanaposubiri malipo. Msomaji mmoja, kitabu kimoja, hakuna mgeni rasmi. Mwalimu mstaafu amekubali kughani tena. Yule msichana wa Kinjeketile nimeambiwa shule itamruhusu ikiwa ni Jumamosi.

Daftari la mikopo liko chini ya mashine ya kopi na kwenye safu ya tarehe ya kulipa karibu wote wameandika "msimu". Mnada wa kwanza ukipita nitaanza kupiga simu. Na wewe uliyeondoka na nakala ya mwisho ya Kinjeketile ukasema unakwenda kumwonyesha mkeo kisha unarudi, ile ilikuwa ya dukani, na mkeo amepita hapa jana kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa anasema hajaiona.